Berso ya dukani au ya seremala: mtoto mchanga atalala wapi?



Posho iliyopita zamu ya likelemba ya kundi letu ilimfikia dada mmoja wa Manika, mwenye mimba ya miezi minane. Ni mimba yake ya kwanza. Alipopokea bahasha hakuihesabu mbele yetu kama tulivyozoea. Aliifunga kwenye pembe ya kitenge, akasema: "Hizi ni feza za berso." Wamama wawili wazee wakacheka. Mmoja akamwuliza: "Mwanangu, huyo mtoto amekukosea nini mpaka umtoe kitandani mwako hata kabla hajazaliwa?" Ndipo mabishano yalipoanza, na mkutano uliopaswa kwisha saa kumi ulikwisha giza likiingia.

Tumeona vema kuandika habari hiyo, kwa sababu maswali ya siku ile si ya dada yule peke yake. Kila mama aliyepata kujifungua amejiuliza usiku wa kwanza: nimlaze huyu wapi, ili nilale na mimi, na asubuhi tuamke sote?

Kesho yake tulikwenda naye mjini, watatu pamoja. Berso aliyoipenda ilikuwa nyeupe, ina pazia, ina mito laini iliyofungwa ndani pande zote, na ubavu wake mmoja unapanda na kushuka. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Bei yake ilimeza bahasha yote na bado ilidai nyongeza. Tulitoa rula yetu ya darasani kwenye mkoba, mwuzaji akatutazama kana kwamba tumekuja kukagua daftari zake.

Kati ya fito na fito tulipata sentimita 9. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya sentimita 6 hivi, na sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga. Kiwiliwili chake ni chembamba kuliko kichwa. Akijisukuma kwa miguu, mwili unapita kati ya fito, kichwa kinabaki ndani. Halafu tulibonyeza matela kwa kiganja. Mkono ulizama, na alama yake ilikaa. Kati ya matela na ubao viliingia vidole vitatu, na ingefaa visiingie zaidi ya viwili, maana uso wa mtoto ukiteremka katika nafasi ile hana nguvu ya kuutoa.

Ile mito laini ya pembeni, ambayo ndiyo iliyomvuta dada yetu, Marekani imekataza kuiuza tangu mwaka 2022. Ubavu wa kupanda na kushuka ulikatazwa huko mwaka 2011, kwa sababu vyuma vyake vinalegea, ubavu unaachia na mtoto anabanwa. Hatusemi hivyo ili tuonekane tumesoma. Tunasema kwa sababu wengi wetu tunafikiri kitu kikiwa cha dukani na kimetoka mbali, basi wakubwa wamekwisha kukikagua. Mwaka 2019 kampuni Fisher-Price iliwaomba wanunuzi warudishe vitanda vya kulaza mtoto kwa kuinama, aina ya Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya watoto zaidi ya 30 kufa ndani yake katika miaka kumi. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walinunua kilichouzwa. Na vitu vya okazyo vinavyotufikia huku havina karatasi ya kutueleza kama vilikatazwa kule vilikotoka. Ukikuta berso ya okazyo yenye rangi kuukuu inayobanduka, iache hapo hapo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake, na mtoto akianza kuota meno atatafuna ubao kama muwa.

Dada yetu alirudi nyumbani amenyamaza. Mama mkwe wake alikuwa anatungoja.

Huyu ni mama wa kuheshimiwa, amezaa watoto saba hapa hapa Kolwezi, na wote ni wazima. Alituwekea viti, akatuambia kwa upole: "Walimu, mimi wote niliwalaza kifuani. Hakuna aliyenifia kitandani. Hiyo berso ni ya wazungu wanaoogopa watoto wao." Mama kama huyo hajibiwi kwa kitabu. Tulimsikiliza. Na tukitafakari, mengi aliyoyasema ni kweli. Mtoto akisikia harufu ya mama anatulia. Maziwa ya usiku yanamjenga, na mama anayelala mbali na mtoto anachoka kuinuka, mwisho anaanza kuruka zamu za kunyonyesha. Mama aliye karibu anasikia pumzi ya mtoto ikibadilika kabla hajalia.

Ajabu ni kwamba chama cha waganga wa watoto cha Marekani kinasema karibu maneno hayo hayo: mtoto alale katika chumba cha wazazi wake, karibu na kitanda cha mama, kwa miezi 6 ya kwanza kwa uchache. Wanapoachana na mama mkwe ni neno moja tu: karibu, ila juu ya kilalio chake mwenyewe.

Kwa nini? Tulimwuliza yule mama enzi zake alilalia nini. Akajibu: mkeka, na matela nyembamba ngumu. Leo twendeni katika vyumba vyetu tutazame. Matela ni nene, imezama katikati, na mtoto wa kilo tatu anateremka mwenyewe kuelekea penye uzito. Juu kuna blanketi la watu wazima. Kando kuna baba aliyetoka kazi ya usiku machimboni, usingizi wake ni kama jiwe, na siku nyingine amepita kwanza kunywa. Miguuni kuna mtoto mkubwa wa miaka mitatu anayerusha mateke. Tumebaki na desturi ya nkambo zetu, lakini kitanda si kile chao tena.

Hapa lazima tuseme la kwetu, ambalo hatukulisema katika mkutano. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwezi wa sita, baridi ikiwa kali. Asubuhi tulikuwa darasani, usiku tunasahihisha kazi za wanafunzi, na mtoto alikuwa hajafikisha miezi mitatu tuliporudi kazini. Usiku mmoja tulijilaza kumnyonyesha, usingizi ukatuchukua ziwa likiwa bado mdomoni mwake. Tuliposhtuka hatukumwona. Tulipapasa gizani. Alikuwa chini ya blanketi, kati ya mgongo wetu na ukuta, amelowa jasho kichwa kizima, anapumua kwa shida. Tulimtoa nje ya blanketi, akalia, na kile kilio hatutakisahau. Baba watoto hakuamka. Sisi pia hatukumwambia, tuliona haya. Mtoto huyo sasa anasoma vizuri na anatusumbua kama wengine. ISP walitufundisha saikolojia ya mtoto aliyeketi darasani, ila juu ya mtoto aliyelala hatukufundishwa kitu.

Basi, tusisikie maneno "hakuna aliyenifia" tukafikiri hakuna aliyekaribia.

Kuna la kulalia chali pia, kwa sababu lilizusha kelele kuliko berso yenyewe. Wengi wetu tunamlaza mtoto kifudifudi, eti akicheua maziwa yasimkabe. Tulidhani hivyo hivyo. Lakini nchi zilizoanza kuwafundisha wazazi kulaza watoto chali, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, ziliona vifo vya ghafla vya usingizini vikipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mtoto mzima aliyelala chali akicheua, anakohoa au anameza. Koo limeumbwa hivyo. Aliyelala kifudifudi juu ya kitu laini anavuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Basi chali, mchana na usiku, bila mto. Na wale wanaoweka mto ili kichwa kiwe cha mviringo, kichwa kitajinyosha chenyewe akianza kukaa.

Sasa mmoja wetu alisema: kama shida ni kitanda cha juu, tuweke matela ya mtoto chini, hawezi kuanguka. Mahali pengine hilo lingekuwa shauri jema. Kwetu hapana, na sababu yake tunaikanyaga kila siku.

Wote mnajua Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya lupango, wengine chini ya sakafu ya nyumba. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya mtaa ule. Walipima mavumbi ya ndani ya nyumba, wakapima mkojo na damu za watu. Walikuta kobalti nyingi kwa wanaokaa karibu na mashimo, na nyingi zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wakubwa. Mtoto yuko karibu na sakafu, na mkono wake unakwenda mdomoni. Si Kasulo tu. Mumeo akirudi na buti na koti la kazi, akivivulia kando ya kitanda, amekuletea mgodi chumbani. Kamiyo zikipita barabarani mwezi wa nane, tazama dirisha lako.

Kwa hiyo kilalio cha mtoto kiwe juu ya miguu, mbali na mlango na mbali na dirisha la barabarani. Chumba kipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kisifagiliwe kikavu mtoto akiwa ndani. Nguo na viatu vya kazi vibaki nje, na baba anawe na abadili nguo kabla ya kumpakata. Dada yetu alicheka tulipofika hapo: mume wake huweka gunia lake la kazi chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Tulimwambia gunia likae sebuleni, na wezi tutapambana nao.

Na kwa kuwa miezi ya baridi inarudi kila mwaka, neno moja juu ya mbabula. Tafadhali sana. Mbabula ya makala haiingii chumba cha kulala, hata ikiwa imebaki na majivu mekundu tu, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Makala yanayofifia yanatoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina moshi, haichomi macho, na inaua aliyelala bila kumwamsha. Mpashe mtoto joto kwa nguo: soksi, kitambaa cha pamba, na juu yake nguo ya baridi iliyofungwa vizuri. Ukitaka kujua kama amepoa, shika kifua chake au shingo kwa nyuma, usishike vidole, maana vidole vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Blanketi zito lililolegea ni la wakubwa. Mshumaa pia, umeme ukikatika, usikae karibu na chandarua.

Turudi kwenye bahasha. Siku ya tatu tulikwenda kwa seremala wa mtaa, anayefanya kazi chini ya mwembe. Tulimchorea kwenye karatasi kitanda kidogo cha kando: urefu sentimita 90, upana 50, pande tatu zenye fito, na kati ya fito sentimita 5. Upande wa nne, ule wa kwa mama, uwe mfupi. Kilalio cha mtoto kiwe chini kidogo kuliko cha mama, na ubao wa upande ule uinuke sentimita 12 juu ya matela ya mtoto, ukingo wake ulingane na matela kubwa. Hivyo mama ananyosha mkono na kumchukua bila kusimama, lakini mtoto habingiriki kuja kwa wakubwa, na blanketi la wakubwa haliendi kwake. Seremala alikuna kichwa, akasema ametengeneza vitanda miaka mingi, hajaona kitanda chenye upande ulioliwa. Kisha alikielewa kuliko sisi. Ni yeye aliyesema miguu isimame yenyewe juu ya sakafu, tusiiongezee matofali, kwa sababu tofali moja likiteleza usiku kitanda kinainama.

Shida kubwa ya kitanda cha aina hii ni ile nafasi kati yake na kitanda kikubwa. Kikisogea hata kidogo panakuwa na shimo, na mtoto anaweza kuteremkia humo. Seremala alitaka kukifunga kwa mpira wa gurudumu. Tulikataa, kwa kuwa mpira unavutika. Tulinunua mikanda miwili ya nailoni, ile ya kufungia mizigo, tukaipitisha kwenye miguu ya kitanda kikubwa mpaka upande wa pili na kukaza. Kila jioni dada yetu atasukuma kitanda kwa goti. Kikisogea, anakaza upya kabla ya kumlaza mtoto.

Matela tuliikata kwa kipimo, ngumu, kimo cha vidole vinne, na shuka moja iliyovutwa na kukunjwa chini yake. Ndani hamna kitu kingine: hamna mto, hamna mwanasesere, hamna kitenge cha akiba. Chandarua kimoja kinafunika vitanda vyote viwili, na hii ni faida ambayo ile berso ya dukani na pazia lake isingetupa. Kwetu mbu si wa mchezo, na pazia si chandarua cha dawa. Kama chandarua ni kipya, kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Vernisi nayo tuliomba ipakwe mapema, kitanda kikae nje kivulini majuma mawili mpaka harufu iishe. Ndiyo sababu tunasema mambo haya mwezi wa nane, usingoje uchungu uanze.

Gharama yote, mbao, kazi, matela na mikanda, haikufika nusu ya bahasha. Zilizobaki dada yetu ameziweka kwa ajili ya maternite.

Na asiye hata na nusu hiyo? Serikali ya Ufini tangu 1938 iliwapa wamama maskini boksi la vitu vya mtoto, na tangu 1949 ikampa kila mama, tajiri kwa maskini, mradi aende kupimwa mimba mapema. Watoto wengi wa huko walilala siku zao za kwanza ndani ya boksi. Boksi safi, gumu, lisiloloa, lenye chini iliyonyooka, juu ya meza pana isiyotikisika au benchi lililosukumwa ukutani, linaweza kumlaza mtoto majuma ya kwanza. Matela yake iwe bapa na ngumu, ijae mpaka pembe zote. Akianza kujigeuza, boksi limekwisha kazi. Mtoto aliyezaliwa mdogo, chini ya kilo 2.5, ni habari nyingine. Huyo huenda maternite wakamwelekeza mama amfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Fuateni waliyowaonyesha, na maswali myapeleke siku ya CPS.

Juzi tulikwenda kukifunga kitanda. Mama mkwe alituacha tukaze mikanda, halafu akatuambia tuzime taa. Alijilaza mahali pa mkamwana wake, akanyosha mkono gizani mpaka ukagusa shuka ndogo. Alikaa hivyo kitambo. "Mkono unafika," akasema, akainuka. Kisha akauliza kama ubavu wa nne upo, maana yeye amelea saba na anajua mtoto wa miezi sita hakai alipowekwa. Upo. Seremala ameutengeneza tayari, umesimamishwa nyuma ya mlango, na vise zake nne zimo ndani ya kamfuko kaliyofungwa kwenye mguu wa kitanda. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kitanda kitaondolewa kwenye mikanda na kufungwa pande zote nne. Akikua, kitakwenda kwa mama mwingine wa likelemba. Wawili wamekwisha kujiandikisha, na mmoja wao ni yule aliyecheka.

Gunia la kazi, tulipotoka, lilikuwa bado chini ya kitanda. Dada yetu alilivuta mwenyewe mpaka sebuleni.